Mwalimu wa Tufe na Siku za Pumziko

Kabla sijaota ndevu niliwahi kuinua ng'ombe, na sikuinua kwa kupenda. Tulikuwa Ndera, shamba letu liko ukingoni mwa mto, mahindi na migomba, na ubavuni mwake inapita malka, ile njia ambayo Waorma hushushia mifugo kunywa maji. Mwaka huo jua lilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ng'ombe walikuwa ngozi na pembe tu. Asubuhi moja nikasikia Muorma mmoja ananiita kwa kabila langu kutoka upande wa pili wa mahindi.

"Pokomo! Wacha jembe, kuja shika mkia!"

Nikaenda. Ng'ombe jike amelala, macho yako wazi, anapumua vizuri, lakini hainuki. Ng'ombe aliyekonda ndivyo alivyo, akilala usiku, asubuhi miguu haimjui tena, sharti ainuliwe. Mwenyewe akashika pembe, kaka yake akaingiza bega chini ya kifua, mimi nikapewa mkia. Tukavuta. Akasimama akitetemeka, akatutazama kama tumemkosea, akalala tena. Tukamwinua mara tatu. Mara ya tatu akasimama kabisa, akapiga hatua nne, akaanza kula mahindi yetu. Baba yangu na yule mwenye ng'ombe waligombana mpaka adhuhuri.

Mimi nilikaa wiki nzima siwezi kuinama. Mama alinisugua mgongo kwa mafuta ya simsim na kunicheka, eti kijana mzima kashindwa na mkia. Nimeinua ng'ombe mmoja tu, siku moja. Hilo likumbukwe, nitalirudia.

Miaka mingi baadaye mto ulipokula lile shamba nikashuka Garsen, nikapata kazi ya kulinda lango la shule. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, lakini kuandika saa ya mtu kuingia na saa ya kutoka naweza. Langoni pale nina kiti, meza ya mbao, na uwanja wote uko mbele yangu. Ndipo nilipomwona Mwalimu wa Tufe, na nilimwona karibu kila siku kwa miaka sita.

Alikuwa mtu mfupi, mpana, shingo hana, kichwa kimekaa juu ya mabega kama sufuria juu ya mafiga. Kwao sikumuuliza. Wengine walisema ni wa bara, wengine wa Malindi. Kiswahili chake hakikuwa na kabila. Alikuja na begi moja na matufe mawili ya chuma, moja la wavulana, moja la wasichana, amefunga kila moja kwenye soksi. Shule ilimchukua afundishe michezo, na yeye akachagua michezo ya vitu vizito, kwa sababu alisema mbio Kenya zina wenyewe.

Neno la kwanza alilolipiga marufuku ni kurusha. Wanafunzi wote husema kurusha tufe, hata mimi nilisema hivyo. Siku ya kwanza mvulana mmoja wa hapa mjini, mwenye maneno mengi, akauliza, "Kocha, leo tunarusha ama vipi?"

"Unarusha nini, wewe ni ndege?"

"Si hiyo chuma, kocha."

"Kwanza mimi si kocha, mimi ni mwalimu. Pili, tufe halirushwi, na kutupwa halitupwi. Kinachotupwa ni taka. Tufe linasukumwa. Ukilirusha, bega linatoka, halafu mama yako anakuja kwangu."

Halafu akayarudisha matufe yote mawili ndani ya soksi. Kwa miezi miwili hakuna aliyeyagusa.

Miezi hiyo miwili ndiyo iliyowashinda wengi. Walikuja kusukuma chuma wakapewa mtungi wa maji wa plastiki, wa lita ishirini, umejazwa nusu, wanaukumbatia kifuani na kuchuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama, jioni yote. Magunia ya mchanga wa mto, wanayabeba kutoka lango la juu mpaka lango langu. Wanaruka mtaro kwa miguu miwili. Wanalala kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, hawasogei, yeye anahesabu polepole. Zoezi hilo aliliita kulala mamba.

"Hii ni michezo ama ni kuteka maji?" yule mvulana wa maneno akasema.

"Ungekuwa unateka maji nyumbani kwenu," Mwalimu akamjibu, "miguu yako isingekuwa kama nyuzi za hijabu."

Wakacheka wiki nzima. Lakini alikuwa na maana. Alisema tufe linaanzia kisiginoni, linapanda pajani, linapita kiunoni, linazunguka tumboni, na mkono ni wa mwisho kabisa, mkono ni kama karani, unapiga muhuri tu. Mtu anayeanza hutaka kutumia mkono. Basi yeye aliwanyima mkono mpaka miguu ijue kazi.

Na uzito alikuwa na ubahili nao. Kila Jumatatu alifungua gunia la kila mtu na kuongeza mchanga kwa kikombe, kikombe kimoja, siku nyingine viwili, kama mama anayetia chumvi. Kama unaweza kuongea huku unachuchumaa, unaongezewa. Kama magoti yanatetemeka, unapunguziwa, na hata ukilia hubembelezwi. "Mwili haujui ujanja," alisema. "Ukiudanganya leo, utakudai mwezi ujao."

Mara moja wavulana walilimwagia maji gunia la mwenzao, kwa mzaha, maana mchanga ukilowa uzito wake unakuwa mwingine. Mwalimu alikuwa amekaa na mimi hapa langoni. Alimwona kijana analibeba, yuko mbali, kama kutoka hapa mpaka msikitini, akasema, "Lile gunia si lake." Akaondoka mbio. Mtu ambaye sijamwona akikimbia kabla wala baada. Alilipokonya, akalichana kwa kisu, mchanga wote ukamwagika. Aliporudi kuketi, mikono ilikuwa inatetemeka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Mikono yake ilitetemeka siku zote, lakini siku hiyo zaidi. Mtu mwenye nguvu kama yule hawezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Hayo ni ya zamani, mzee," akabadilisha maneno.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Zoezi aliliita mamba, lakini mamba wenyewe aliwaogopa kuliko sisi tuliokua nao. Miaka sita Garsen, mtoni hakukanyaga. Mchanga wa magunia walikwenda kuuleta wengine. Alihubiri kula taratibu, kutafuna, mwenye kujenga mwili asikimbize chakula, na yeye mwenyewe ugali aliumaliza kabla sijanawa mikono. Na kusukuma tufe, yeye mwenyewe, nilimwona mara moja tu, likizo, akidhani hakuna mtu. Halikufika mbali. Akaenda akaliokota, akalifuta kwa shati, akaliweka ndani ya soksi.

Halafu kuna fimbo. Watoto wetu wengi ni Waislamu, na wasichana, Waorma na Wapokomo wa kule juu ya mto, si wa kushikwashikwa na mwanamume asiye wao. Sasa utamsahihisha vipi mtu kiwiko bila kukigusa? Mwalimu alikata fimbo kama ya mchungaji, nyembamba, ndefu kuliko mkono wake, akaipiga msasa ncha mpaka ikawa laini. Akitaka kiwiko kipande, anakigusa kwa ncha. Akitaka goti lijikunje, anagusa goti. Alianza na wasichana, halafu ikawa kwa wote. Mtu akipita barabarani anaona pande la mtu limeshika fimbo na watoto wanachuchumaa. Mama mmoja wa kijiji cha Hewani alikuja langoni kwangu amefunga leso kiunoni.

"Baba, yuko wapi huyo anayepiga watoto?"

"Hapigi, mama. Anasahihisha."

"Wote husema wanasahihisha!"

Nikampeleka akaone. Alisimama jua kali muda mrefu, akamwona mwanawe anaguswa kiwiko kama mtu anavyogusa chapati kuona kama imeiva. Mwisho akafungua leso, akasema, "Mbona nyumbani hajawahi kunyooka mgongo hivyo?" Akaenda zake.

Na kila Jumatatu, kabla ya gunia, kabla ya kikombe, alimuuliza kila mtu neno moja. "Umepumzika?" Maana siku za pumziko kwake zilikuwa kama swala. Jumatatu miguu, Jumatano kusukuma, Ijumaa mazoezi mepesi, Jumamosi na Jumapili pumziko. Alisema mtu anayeanza hudhani nguvu inakuja wakati wa kunyanyua. Haiji hapo. Hapo inaondoka. Inarudi umelala, na inarudi na wenzake. Asiyelala anafukuza wageni. Kwa hiyo, umepumzika? Ukisema ndiyo, anatia kikombe. Ukisema hapana, unaketi na mimi hapa langoni jioni nzima, na hiyo kwao ilikuwa adhabu, kwa sababu mimi nina hadithi nyingi.

Sasa nifike kwa Habiba.

Habiba alikuwa binti wa Kiorma, mrefu, mkimya, sketi mpaka kwenye kisigino na suruali ndani yake, hijabu ameifunga kwa pini mbili ili isimwangukie machoni. Kwao ni upande wa Bangale, lakini ukame ulipozidi baba yake alishuka na ng'ombe, wakapiga kambi si mbali na mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Habiba alikuwa analala shuleni, Ijumaa baada ya mazoezi anakwenda nyumbani, Jumapili jioni anarudi.

Baba yake hakutaka shule. Alikuja langoni mara ya kwanza akiwa na fimbo yake mabegani, akawatazama wale wanafunzi na magunia, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Mtoto yangu iko hapa inainua mchanga?"

"Ndiyo, mzee mwenzangu."

"Mchanga inatoa maziwa?"

Mwalimu akaja wakaongea. Waliongea sana, wamechuchumaa wote wawili, yule anachora chini kwa fimbo yake na huyu kwa yake. Walikubaliana hivi. Kama Habiba atachaguliwa kwenda mashindano ya juu, yale ya kutoka nje ya kaunti, atabaki shule mpaka amalize. Kama hatachaguliwa, atarudi kwenye ng'ombe. Watu wa kazi nyumbani walikuwa wamekwisha, kaka zake wawili wamekwenda na ngamia mbali. Baba alipoondoka aliniambia, "Hiyo mwalimu mzuri. Lakini ng'ombe yangu inaanguka kila siku." Nikasema pole. Nikasema pole tu.

Basi Habiba akaanza, mtungi, gunia, mamba. Na alikwenda haraka. Wengine wanaongezewa kikombe kimoja, yeye viwili. Wengine miezi miwili, yeye wiki tano akapewa tufe. Alilisukuma mara ya kwanza, kutoka kisiginoni kama alivyofundishwa, na lile tufe likaenda likatua karibu na mti wa goli. Yule mvulana wa maneno akasema, "Wallahi, huyu si mtu wa kuazima kalamu yake ukakataa kurudisha."

Jioni ile Mwalimu alikuja kukaa hapa. Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mzee," akasema, "miaka yote nimekuwa nikiambiwa programu yangu ni ya polepole. Umeona kiuno kile? Umeona mapaja? Hayo ni magunia yangu." Alikuwa anacheka. Alikuwa na pengo hapa mbele, sikuwa nimelijua.

Mimi nilinyamaza.

Nitasema jinsi ilivyokuwa. Kila Jumapili jioni Habiba alipita langoni kwangu, naandika saa. Niliona upindo wa sketi yake una samadi kavu. Niliona mikono yake, hapa kiganjani, imechubuka mstari mmoja, na mstari ule naujua, ni wa mkia. Niliona anavyokaa chini kungoja kalamu, anashuka kwanza kwa mkono. Niliona, nikaandika saa. Nilidhani Mwalimu anajua. Mtu anayeona gunia lililolowa kutoka umbali wa msikiti, asione hilo? Au labda sikudhani hivyo. Labda sikudhani chochote. Kazi yangu ni lango.

Ng'ombe walizidi kuanguka. Harufu yao ilifika mpaka mjini upepo ukigeuka. Na kila Jumatatu, "Umepumzika?" na Habiba anajibu, "Nimepumzika, mwalimu," na kikombe kinaingia, viwili, siku moja vitatu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya uteuzi. Jumatatu. Alichukua gunia mabegani, akachuchumaa, akasimama. Akachuchumaa, akasimama. Akachuchumaa, akakaa. Hakupiga kelele. Gunia lilianguka upande, yeye akabaki amekaa, halafu akalala polepole, macho yako wazi, anapumua vizuri. Mwalimu akapiga magoti pale na fimbo yake, hajui aguse wapi. Wasichana wakataka kumvuta mikono. Nilikuwa nimefika, nikawaambia wamwache. Habiba akanitazama, akasema bila kulia wala kucheka, "Babu, leo ni mimi nimelala."

Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Akapelekwa hospitali juu ya ubao wa meza. Mgongo, walisema, chini kule karibu na kiuno, asiinue kitu kwa miezi mingi, na tufe asahau. Sasa yuko Bangale, ana duka dogo la sukari na majani, ana mtoto. Mtu aliyempitia aliniambia hamwinui mtoto wake kutoka chini, anaketi kwanza, mtoto anampanda. Alinitumia salamu. Nilizipokea.

Nimesema mengi na yaliyobaki ni ya siku moja tu, ile ambayo baba yake alikuja kuchukua sanduku.

Ilikuwa asubuhi. Habiba alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amefungwa mkanda mpana kiunoni, mimi nimesimama. Baba yake amekwenda bwenini kuleta sanduku. Mwalimu akaja. Siku zile zote alikuwa amezunguka na daftari lake la mazoezi, anahesabu vikombe, anarudia kuhesabu, kosa halioni. Akachuchumaa mbele yake, mbali kidogo, urefu wa fimbo.

"Habiba. Niambie ukweli. Siku za pumziko ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napumzika, mwalimu. Nilikwenda nyumbani."

"Nyumbani ukafanya nini?"

"Kazi ya nyumbani."

"Kazi gani?"

"Kuinua ng'ombe."

Nadhani Mwalimu hakujua ni kitu gani. Mtu wa kwao, popote kwao kulipo, ng'ombe wao huinuka wenyewe. Habiba akamweleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Baba kwenye pembe, mama bega chini ya kifua, yeye mkiani kwa sababu miguu yake ina nguvu. Asubuhi kumi, kumi na wawili. Jioni walewale.

"Kila Jumamosi?"

"Na Jumapili. Na Jumatatu alfajiri kabla ya kengele, wiki zile za mwisho. Nilitoka kwa ua wa nyuma."

"Mimi nilikuuliza. Kila wiki nilikuuliza kama umepumzika."

"Na nilikuwa nimepumzika."

"Habiba, hayo ni mazoezi! Hayo ni zaidi ya mazoezi yangu yote!"

Akamtazama, na sikuona kiburi usoni mwake, wala hasira. "Si mazoezi, mwalimu," akasema. "Ni ng'ombe."

Baba yake akafika na sanduku kichwani. Akamsalimu Mwalimu kwa mkono, akasema, "Mwalimu, asante. Mungu aliandika." Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Pikipiki ilikuwa inangoja, wakamkalisha Habiba upande, taratibu, baba akatembea nyuma na sanduku. Aliniambia kwa kupita kwamba wamebaki ng'ombe saba.

Mwalimu akabaki amechuchumaa. Baada ya muda akageuka kwangu.

"Mzee. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipoanza. Niliona mikono."

Nilikuwa na maneno ya kuongeza, yale ya Ndera, mkia, mgongo wangu wiki nzima, mafuta ya simsim. Miaka sita nilimpigia hadithi mtu yule, za mafuriko, za fisi, za marehemu mjomba wangu na mke wake wa tatu, na hiyo moja sikuwahi kumwambia. Hata wakati ule sikumwambia. Alikuwa ananitazama na mimi natazama meza.

Akasimama. Akaiegemeza fimbo yake kwenye meza yangu, vizuri, isianguke. Akatoka nje ya lango, mikono mitupu, shati lake lile la kila siku. Nilidhani anakwenda chooni. Akapita choo. Nilidhani anakwenda hotelini kunywa chai, akapita hoteli. Akafika kwenye lami, akasimama kama mtu anayengoja gari, gari likaja, hakulisimamisha. Akavuka. Upande wa pili akaendelea na mwendo wake uleule, wa kisigino kwanza, si wa haraka. Nikachukua kalamu, nikaandika saa ya kutoka.

Magunia yalikuwa yamepangwa uwanjani, yanangoja Jumatatu. Hakurudi.